Uzi wa Kyungu

Saa moja asubuhi, lango la kiwanda, Lubumbashi.
Nina kalipa ya shaba na daftari la mistari,
nimeajiriwa miezi miwili kupima vichwa vya watu.
Si kwa ajili ya serikali, nawaambia, wala si kwa kesi.
Ni kwa ajili ya kofia. Kofia ngumu, za manjano.
Wanawake wa mtambo wamelalamika zinawaangukia machoni.
Mujinga huanza na kitambaa cha kitenge,
ndipo kofia,
ndipo sala.

Njoo, kaa. Usicheke, taya linasogea.
Shaba inagusa mfupa wa shavu hapa, na hapa;
katikati ya nyusi hadi kisogoni,
mzizi wa pua hadi ncha ya kidevu.
Watu huwa wapole ghafla ukiwashika uso.
Kalenga wa tanuru, mtukanaji mashuhuri,
alifumba macho kama mtoto anayeogeshwa.
Halafu akafumbua:
"Kikubwa, ni vile? Mwanaume anabeba akili."
Mujinga, nyuma yake kwenye foleni:
"Akili ni nywele, baba. Na weye uko na upara."

Tata Kisimba alikataa.
Alisimama mbali, mikono mfukoni.
"Babu yangu alipimwa na mzungu mmoja.
Pua, paji, masikio. Akaandika namba,
akapanda nazo treni.
Mpaka leo hatujui tulipata ngapi."
Sikuwa na jibu. Nilichana karatasi,
na tangu hapo kila mtu aliondoka na namba zake
kwa mwandiko wangu mbovu.
Alhamisi alirudi, akavua kofia.
"Basi. Na mimi unipe zangu."

Usiku, umeme umekwenda, najumlisha kwa mwanga wa simu:
wanaume mia na kumi na wawili,
wanawake themanini na wanane.
Ndiyo, wanaume wamezidi,
sentimita moja na kitu kuuzunguka utosi;
taya zao pana, nyusi zao zimejitokeza kama kibaraza cha duka,
na mapaji ya wanawake yamesimama wima.
Wastani hausemi uongo.
Ila wastani haumjui mtu.
Kichwa kikubwa kuliko vyote daftarini
ni cha Mama Numbi, anayesonga bukari kantini,
ambaye hakuna aliyefikiria kumpa kofia.
Na kidogo kuliko vyote vya wanaume,
kidogo kuliko cha Mujinga,
nilikiandika, sikukisoma kwa sauti.
Kalenga ana watoto pale kiwandani.

Kofia zilifika Septemba, jakaranda zikianza.
Mia mbili. Saizi moja.
Mujinga alizitazama, akazitazama tena,
akatoa kitambaa mfukoni.

Yupo mmoja ambaye sikumpima.
Tulizaliwa siku moja, Kyungu na mimi Kabange,
titi moja kila mmoja, ugonjwa mmoja wa surua,
mpaka miaka kumi na mbili hata shangazi alituchanganya.
Kisha sauti yake ikaanguka, kidevu kikajijenga
kama nyumba iliyopata saruji usiku,
na mimi nikabaki na uso wetu wa zamani.
Sasa yuko Kolwezi. Nikampigia:
zungusha uzi juu ya nyusi, ukate panapokutana.
Alicheka sana. Lakini alituma,
ndani ya bahasha, kwa dereva wa basi.

Nimekaa kitandani na uzi wa ndugu yangu.
Nauzungusha kichwani mwangu taratibu.
Unakutana, unapita, unabakiza mkia
wa upana wa kidole changu kidogo.
Mama husema alitangulia yeye
na mkunga alihangaika saa nzima,
kisha mimi nikateleza tu, nyuma, bila kazi.
Kumbe ni huu.
Upana wa kidole, na mlango ulikuwa umefunguliwa.

Mkia umelala shingoni.
Sijaukata.